Sauti Nyembamba za Wanaume: Habari za Zoloto, Homoni na Waimbaji Matowashi

Mwalimu wa kwaya katika shule ya wavulana watupu hukabiliwa na tatizo ambalo mwenzake wa shule ya mchanganyiko halijui. Nyimbo nyingi za kwaya hutungwa kwa sauti nne: soprano na alto, ambazo kwa kawaida huimbwa na wanawake, kisha tena na besi, ambazo ni za wanaume. Shule ya Sekondari ya Kibaha, iliyoanzishwa katika miaka ya 1960 chini ya mradi wa ushirikiano baina ya nchi za Nordiki na Tanganyika, ni shule ya wavulana. Minaki, iliyoko Kisarawe, nayo ilikuwa ya wavulana kwa miaka mingi. Katika shule za namna hiyo, ni nani basi aimbe soprano? Kwa kawaida mwalimu huwaita watoto wa kidato cha kwanza ambao sauti zao hazijawa nzito, na kuwaomba wachache miongoni mwa wakubwa wapandishe sauti zao kwa kuigiza. Mwaka mmoja baadaye sehemu kubwa ya soprano zake imekwisha kugeuka kuwa tena na besi, naye hulazimika kuanza upya.

Tatizo hilo ni la zamani kuliko shule zote mbili, na binadamu wamelitatua kwa njia tatu. Wengine waliwatumia watoto. Wengine walijifunza namna ya kuipandisha sauti ya mtu mzima. Na Waitalia, kwa muda wa miaka mia tatu hivi, waliwahasi watoto wao wa kiume ili sauti zao zisipate kuwa nzito kamwe. Njia hii ya tatu inatisha kuifikiria. Hata hivyo, imetuachia maarifa mengi juu ya mwili wa mwanamume, na maarifa hayo yanamhusu kila mzazi aliye na mtoto wa kiume nyumbani.

Nyuzi mbili kooni

Sauti ya binadamu huanzia katika zoloto, yaani kisanduku cha gegedu kilichoko juu ya bomba la hewa liendalo mapafuni. Ndani yake zimo nyuzi sauti mbili. Jina hilo la nyuzi linapotosha kidogo, maana si nyuzi kama zile za zeze. Ni mikunjo miwili ya misuli iliyofunikwa kwa utando laini wenye unyevu. Hewa itokayo mapafuni huisukuma mikunjo hiyo ikaachana, kisha ikarudi kukutana, na kitendo hicho hurudiwa upesi mno. Mwanamume azungumzapo kwa kawaida, nyuzi zake hukutana mara 100 hadi 130 hivi kwa sekunde. Za mwanamke mara 200 hivi. Za mtoto mdogo mara 250 na zaidi. Kadiri mitetemo inavyozidi kuwa mingi ndivyo sauti inavyosikika nyembamba.

Mpiga zeze ataielewa habari hii bila ya mwalimu. Uzi mfupi, mwembamba na uliokazwa hutoa sauti ya juu. Uzi mrefu, mnene na uliolegea hutoa sauti ya chini. Kabla ya kubaleghe, mvulana na msichana wana zoloto zinazokaribiana kwa ukubwa, na ndiyo maana mtu aliye chumba cha pili hushindwa kutambua ni yupi kati yao anayeita. Mvulana anapofikia umri wa miaka 12 hadi 15 hivi, korodani zake huanza kutoa kwa wingi homoni iitwayo testosteroni, zikitii amri za tezi ya pituitari iliyoko chini ya ubongo. Homoni hiyo husafiri katika damu na kufika kila mahali, ila zoloto huipokea kwa namna ya pekee. Gegedu lake husukumwa mbele mpaka likaonekana shingoni kama kongomeo. Nyuzi sauti nazo hurefuka na kunenepa. Za mwanamume mzima huwa na urefu wa milimita 17 hadi 25 hivi, hali za mwanamke ni za milimita 12 hadi 17. Mitetemo hupungua ikafikia kiasi cha nusu, na sauti ikashuka kwa oktava nzima. Sauti ya msichana hushuka pia, lakini kidogo tu, kiasi kwamba wengi hawatambui.

Kwa kuwa ukuaji huo ni wa haraka, misuli inayoiongoza zoloto hupotewa na vipimo vyake vya zamani. Hapo ndipo mvulana huianza sentensi kwa sauti ya baba yake na kuimaliza kwa sauti ya dada yake, na darasa zima likacheka.

Jambo moja lapasa kukumbukwa, kwani juu yake imesimama historia yote inayofuata: mabadiliko hayo hayarudi nyuma. Mtu mzima akiondolewa korodani kwa ajali au kwa ugonjwa, sauti yake haipandi tena. Nyuzi zilizokwisha kunenepa hazisinyai. Aliyetaka kuihifadhi sauti ya mtoto, basi, hakuwa na budi kuwahi kabla ya homoni.

Jogoo wa Göttingen

Wafugaji wa ng'ombe walifahamu tangu kale kwamba dume aliyehasiwa akiwa mchanga hukua kuwa mnyama wa namna nyingine. Kiswahili kimempa jina lake kamili, maksai, na kila mkulima alimaye kwa plau anazijua sifa zake: upole, nguvu na shingo isiyonenepa kama ya fahali. Lakini sababu yake haikujulikana. Wengi walidhani kwamba korodani huuamrisha mwili kwa njia ya mishipa ya fahamu.

Jibu lilitolewa na kuku, na pengine wafugaji wa kuku wa Kibaha watapendezwa kusikia hivyo. Mwaka 1849 Arnold Adolph Berthold, profesa wa Chuo Kikuu cha Göttingen huko Ujerumani, aliwachukua majogoo sita wachanga. Wengine aliwaondolea korodani zote. Hao walikua wanene, hawakupigana, hawakuwajali mitetea, undu wao ulibaki mdogo, na hawakuwika kama majogoo wawikavyo. Wengine aliwarudishia korodani moja ndani ya tumbo, mahali ambapo haikuwa na uhusiano wowote na mishipa yake ya awali. Hao waliwika, wakapigana na kuota undu mwekundu kana kwamba hawakuguswa. Alipowapasua, Berthold alikuta korodani ile imepata mishipa mipya ya damu, wala haikuwa na mishipa ya fahamu. Akahitimisha kwamba korodani hutia kitu fulani katika damu, na damu hukipeleka mwilini mwote.

Ilichukua miaka 86 kukipata kitu hicho. Mwaka 1935 watafiti wa Amsterdam, wakiongozwa na Ernst Laqueur, waliitenga homoni hiyo kutoka katika korodani za fahali na kuiita testosteroni. Mwaka huohuo Adolf Butenandt na Leopold Ružička, kila mmoja kwa njia yake, waliiunda katika maabara, na mwaka 1939 wakatunukiwa Tuzo ya Nobel ya kemia.

Biashara ya sauti

Kanisa la Roma, likiifuata amri ya Mtume Paulo kwamba wanawake wanyamaze katika makutano, halikuwaruhusu wanawake kuimba katika kwaya zake. Kwa muda mrefu sauti za juu ziliimbwa na watoto, au na wanaume wazima waliojua kupandisha sauti. Lakini muziki wa karne ya 16 ulizidi kuwa mgumu. Mtoto humaliza kujifunza wakati uleule sauti yake inapomtoka. Mwaka 1589 Papa Sixtus wa Tano aliipanga upya kwaya ya Kanisa la Mtakatifu Petro, na waimbaji matowashi wakapewa nafasi ndani yake. Mwaka 1599 wawili walipokelewa rasmi katika kwaya ya Papa mwenyewe, ile ya Sistina. Kwa Kiitalia mwimbaji wa namna hii aliitwa kastrato.

Laiti mambo yangeishia kanisani, idadi yao ingebaki ndogo. Kilichoiongeza ni opera, michezo ya kuimba iliyoenea Ulaya nzima katika karne za 17 na 18. Wakuu wa majumba ya opera waligundua kwamba umma ulikuwa tayari kulipa fedha nyingi sana kumsikiliza kastrato mmoja mashuhuri. George Frideric Handel aliandika sehemu ya Julius Kaisari katika opera yake ya mwaka 1724 kwa ajili ya kastrato Francesco Bernardi, aliyejulikana kama Senesino; yaani jemadari mkuu wa Roma aliimba kwa sauti ambayo leo hupewa mwanamke. Hakuna aliyeona ajabu.

Mtoto alihasiwa akiwa na umri wa miaka 7 hadi 12 hivi, mara nyingi akiwa ametoka katika familia maskini yenye watoto wengi. Sheria za serikali na za kanisa zilikataza kitendo hicho, na adhabu yake ilikuwa kali. Kwa hiyo kila mmoja alikuwa na kisa chake: huyu alianguka kutoka juu ya farasi, yule aliumwa na nguruwe mwitu. Mwanamuziki Mwingereza Charles Burney, aliyesafiri Italia mwaka 1770, aliulizia mahali ambapo shughuli hiyo ilifanyika. Milano walimwambia ni Venezia. Venezia wakasema ni Bologna. Bologna wakakana na kumwelekeza Firenze. Firenze wakamtaja Roma. Roma wakamwelekeza Napoli. Nchi nzima iliufurahia mchuzi, lakini hakuna aliyekubali kwamba kuku alichinjwa nyumbani kwake.

Waliopona kisu walipelekwa katika vyuo vya muziki, hasa vile vinne vya Napoli, ambako walifunzwa kwa miaka sita, minane au kumi, saa nyingi kila siku: kupumua, kuishikilia noti moja, kusoma muziki, kutunga. Hili si jambo dogo, na wasifu wengi wa kastrato hulisahau. Kisu hakikumfanya mtu awe mwimbaji. Kilizuia tu zoloto isikue. Wengi miongoni mwa watoto hao hawakupata sauti yoyote ya maana. Waliishia katika kwaya ndogo za mikoani, au pasipo kazi kabisa, wakiwa hawawezi kuoa kwa kuwa kanisa lilelile lililowahitaji halikuwaruhusu ndoa.

Aliyefaulu kuwapita wote ni Carlo Broschi, aitwaye Farinelli, aliyezaliwa Andria mwaka 1705. Mwalimu wake alikuwa Nicola Porpora. Mwaka 1737 aliitwa Hispania kumliwaza Mfalme Philip wa Tano, aliyekuwa na ugonjwa wa majonzi makubwa, akawa akimwimbia usiku baada ya usiku. Aliishi katika makao ya wafalme wa nchi ile kwa zaidi ya miaka 20, akarejea Italia akiwa tajiri, na kufariki Bologna mwaka 1782.

Baada yake ladha ya watu ilibadilika. Giovanni Battista Velluti ndiye kastrato mashuhuri wa mwisho katika opera, na opera ya Meyerbeer ya mwaka 1824, yenye habari za vita vya msalaba huko Misri, ni miongoni mwa za mwisho kuandikiwa sauti ya namna hiyo. Kwaya ya Sistina iliendelea kuwa nao. Ni mwaka 1903 ndipo Papa Pius wa Kumi alipoagiza kwamba sauti za juu katika kanisa ziimbwe na watoto wa kiume. Alessandro Moreschi, aliyezaliwa mwaka 1858, alibaki katika kwaya hiyo hadi mwaka 1913. Yeye peke yake kati ya makastrato wote ndiye aliyerekodiwa akiimba peke yake, mjini Roma, katika miaka ya 1902 na 1904. Mashine za wakati ule zilikuwa duni, naye alikwisha kupita miaka arobaini. Anayesikiliza santuri hizo husikia sauti ya ajabu, isiyo ya mtoto wala ya mwanamke, yenye kutetemeka. Ila asidhani kwamba ndiyo iliyowaliza watu wa London na Madrid.

Mifupa inavyosimulia

Wachoraji wa vikaragosi wa karne ya 18 waliwachora makastrato kama watu warefu mno, wenye mikono mirefu na vifua vipana. Ilidhaniwa ni mzaha. Mwaka 2006 kaburi la Farinelli lilifunguliwa mjini Bologna, na wataalamu wa Chuo Kikuu cha mji huo wakaichunguza mifupa yake. Alikuwa mrefu kwa watu wa zama zake. Mistari ya ukuaji, ambayo kwa mtu wa kawaida huziba baada ya ujana, ilikuwa bado inaonekana katika baadhi ya mifupa ya mzee huyo wa miaka 77. Mfupa wa paji la uso ulikuwa umenenepa kwa ndani, hali ambayo huonekana zaidi kwa wanawake wazee. Kastrato mwingine, Gaspare Pacchierotti, aliyefariki mwaka 1821, alichunguzwa baadaye mjini Padova. Kimo chake kilikadiriwa kuwa sentimita 191, na mifupa yake ilikuwa imekonda kwa ndani.

Sababu ni hiyohiyo moja. Mfupa mrefu hukua kupitia bamba la gegedu lililoko karibu na ncha yake. Mtu anapobaleghe, homoni za uzazi huliamuru bamba hilo lizibe. Kwa mwanamume kazi hiyo hufanywa na testosteroni baada ya sehemu yake kugeuzwa estrojeni mwilini. Asiyekuwa na homoni hizo huendelea kurefuka polepole kwa miaka mingi, na mifupa yake hukosa ugumu. Siri ya sauti ya kastrato imo humo: zoloto ndogo kama ya mtoto, ikipulizwa na mapafu ya mtu mzima yaliyomo katika kifua kipana, na juu yake kinywa na pua vyenye nafasi ya kutosha kuikuza sauti. Hakuna mtoto wala mwanamke mwenye mchanganyiko huo.

Juu ya umri wao pamekuwa na maneno mengi. Uchunguzi uliotolewa mwaka 1993 uliwalinganisha waimbaji 50 waliohasiwa na 50 wasiohasiwa wa zama hizohizo. Waliohasiwa waliishi wastani wa miaka 65.5 na wengine miaka 64.3. Kwa waimbaji hao, basi, kisu hakikuongeza umri wala kuupunguza.

Matowashi wa kwetu, na jando

Neno towashi limeingia katika Kiswahili kutoka Kiarabu, na wasomaji wa Biblia wanalifahamu kutokana na kisa cha mtu wa Kushi katika Matendo ya Mitume. Katika pwani yetu halikuwa neno la vitabuni tu. Sayyida Salme, binti wa Sayyid Said, katika kumbukumbu zake zilizochapishwa kwa Kijerumani mwaka 1886, anawataja matowashi katika nyumba za kifalme za Unguja. Hao walikuwa watumwa, na kazi yao ilikuwa utumishi wa nyumbani. Mashariki towashi alithaminiwa kwa kuwa aliweza kuaminiwa kati ya wanawake. Italia alithaminiwa kwa koo lake. Katika hali zote mbili aliyekatwa hakuulizwa.

Lapasa kutenganisha hapa mambo mawili ambayo watoto, na wakati mwingine watu wazima, huyachanganya. Kutahiri si kuhasi. Kati ya Wazaramo wa Kisarawe mvulana alipelekwa jandoni, akatahiriwa na ngariba, akakaa kumbini na kufunzwa kwa nyimbo mambo ya utu uzima. Siku hizi wengi hutahiriwa hospitali. Kinachoondolewa ni ngozi ya mbele ya uume na basi. Korodani haziguswi, homoni haipungui, na sauti hufuata mkondo wake. Kwa kuwa baadhi ya wavulana walitoka kumbini katika umri uleule wa kubaleghe, si ajabu kwamba wazee waliifungamanisha sauti nzito na jando. Lakini asiyekwenda jandoni naye sauti humshuka vilevile.

Kupanda bila ya kukatwa

Makanisa ya Uingereza hayakuwafuata Waitalia. Yaliwatumia watoto kwa soprano, na kwa alto wanaume wazima waliopandisha sauti. Minaki ni mrithi wa mapokeo hayo kwa njia ya moja kwa moja, kwani chuo cha Mtakatifu Andrea, kilichokuwa Kiungani, Unguja, chini ya misheni ya Kianglikana ya UMCA, ndicho kilichohamishiwa Minaki mwaka 1925. Mwingereza Alfred Deller, aliyekuwa mwimbaji wa kanisa kuu la Canterbury katika miaka ya 1940, ndiye aliyeitoa sauti hiyo kanisani na kuirudisha ukumbini. Mwimbaji wa namna yake huitwa kaunta-tena, na leo ndio wanaoimba sehemu nyingi zilizoandikiwa Senesino na wenzake.

Namna yake ni hii. Mwimbaji huzinyosha nyuzi sauti kwa msuli mmoja wa mbele wa zoloto, wakati huohuo akiulegeza msuli uliomo ndani ya nyuzi zenyewe. Nyuzi huwa nyembamba, na kingo zake tu ndizo zinazotetemeka badala ya unene wote. Kila mwanamume mwenye afya anaweza kufanya hivyo; anayemwigiza bibi yake akimkaripia mjukuu amekwisha kufanya. Kilicho kigumu ni kuipa sauti hiyo nguvu na kuiunganisha na ile ya chini bila ufa kusikika.

Wala haikulazimu kwenda Canterbury kuitafuta. Katika nyimbo za Wamaasai kiongozi, olaranyani, huimba kwa sauti nyembamba juu ya mngurumo wa kooni wa wenzake. Mzee Hukwe Zawose, Mgogo wa Dodoma aliyeishi na kufundisha Bagamoyo, katika Mkoa huuhuu wa Pwani, hadi kufariki kwake mwaka 2003, aliweza kushuka hadi mkwaruzo wa chini kabisa na kuruka ghafla hadi sauti ya juu kama ya mwanamke, huku vidole vyake vikiendelea kuipiga ilimba. Wasikilizaji wa Ulaya walishangaa. Wagogo walimsifu kwa ustadi, kwani namna yenyewe haikuwa ngeni kwao. Katika muziki wa dansi, Tabu Ley na Papa Wemba wa Kongo waliwafanya vijana wa Afrika Mashariki wajaribu sauti za juu mbele ya kioo.

Mzaliwa mwingine wa nchi hii amepimwa kwa vyombo. Farrokh Bulsara alizaliwa Unguja mwaka 1946, akajulikana duniani kwa jina la Freddie Mercury, na kufariki London mwaka 1991. Mwaka 2016 wataalamu wa sauti wa Ulaya, wakiongozwa na Christian Herbst, walitoa matokeo ya uchunguzi wa mahojiano na rekodi zake. Alipozungumza, nyuzi zake zilitetemeka wastani wa mara 117 kwa sekunde, sauti ya kiume ya kawaida, isiyo ya juu hata kidogo. Alipoimba alifika mitetemo 784. Zoloto yake ilikuwa kama za wanaume wengine. Tofauti ilikuwa katika matumizi.

Asili nayo, mara chache, humtoa kastrato bila kisu. Jimmy Scott, mwimbaji wa jazi wa Marekani aliyezaliwa mwaka 1925 na kufariki mwaka 2014, alikuwa na ugonjwa wa Kallmann, ambao huzuia ubongo kuziamrisha korodani. Hakubaleghe, na sauti yake ilibaki ya juu maisha yake yote. Alipokuwa na miaka 37 alianza tena kurefuka, jambo ambalo halingewezekana kama mabamba ya mifupa yake yangekuwa yameziba.

Anapostahili kupelekwa kwa daktari

Waganga hawangoji sauti pekee. Mvulana aliyetimiza miaka 14 na korodani zake hazijaanza kukua anapaswa kuchunguzwa, Tumbi au Hospitali ya Wilaya ya Kisarawe ikiwa ndiyo iliyo karibu. Mara nyingi huonekana kwamba amechelewa tu, kama baba yake alivyochelewa, au kwamba ugonjwa wa muda mrefu au lishe duni vimemrudisha nyuma. Wachache hupungukiwa na homoni kweli, na hao hutibiwa kwa testosteroni. Sauti hushuka, mifupa hukomaa. Asiyesikia harufu tangu utoto na ambaye hajabaleghe atajwe hivyo kwa daktari, kwani dalili hizo mbili kwa pamoja huelekeza kwenye ugonjwa wa Kallmann.

Korodani ambayo haijashuka katika mfuko wake kwa mtoto mchanga hushushwa kwa upasuaji, vizuri zaidi kabla ya miezi 18. Maumivu makali ya ghafla ya korodani kwa mvulana ni jambo la dharura: huenda imejisokota na kukatiwa damu, na baada ya saa 6 matumaini ya kuiokoa hupungua upesi. Kungoja asubuhi, au kuona haya kumwambia mama, kumewagharimu wengi. Hata hivyo aliyepoteza moja akabaki na nyingine nzima asihofu juu ya sauti yake, maana moja yatosha.

Kuna na kundi la mwisho, nalo ndilo linalochekwa zaidi na kutibika kwa urahisi zaidi. Ni vijana waliobaleghe kikamilifu, wenye ndevu na kongomeo, ambao bado huzungumza kwa sauti ya mtoto. Zoloto yao ni nzima. Ni mazoea tu ya kuendelea kuzikaza nyuzi kama zamani, pengine kwa aibu ya ile sauti mpya. Mtaalamu wa matamshi humtaka kijana akohoe, kisha aurefushe mlio wa kikohozi hicho, au humbonyeza kidogo kwenye kongomeo anapotamka irabu ndefu, na sauti ya chini hujitokeza yenyewe. Wengi huizoea katika vikao vichache.